Nyumba ya Nyimbo Iliyouzwa Kama Mawe
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25

Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii ya Jubilei ya Fedha. Miaka 25 si haba.

Kwa desturi, siku kama ya leo katibu husoma historia ya kwaya: ilianza lini, wenyeviti walikuwa akina nani, sare ya kwanza ilikuwa ya rangi gani. Hayo yote mtayakuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumeomba ruhusa ya kamati tuzungumze juu ya waimbaji wengine, walioimba mahali pamoja kwa karibu miaka 900, kisha wakanyamaza. Tunaomba mtuvumilie. Mwishoni tutarudi nyumbani, kwa sababu yaliyowapata wenzetu hao yanahusu uamuzi ambao kwaya yetu inapaswa kuufanya mwezi ujao.

Kwanza tuwakumbushe jambo moja. Mwaka jana tulimzika mama yetu mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa nasi tangu siku ya kwanza. Familia yake ilituomba tuimbe wimbo alioupenda, uliotungwa na mwalimu wetu wa kwanza wa kwaya, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Tulikutana usiku ule kufanya mazoezi. Ubeti wa kwanza sote tuliujua. Ubeti wa pili, kila mtu alikuwa na maneno yake. Sauti ya nne hapakuwa na aliyeikumbuka. Tulikwenda kulitafuta daftari la mwalimu katika sanduku la kwaya lililokuwa stoo. Mvua ilikuwa imeingia siku nyingi, na karatasi zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Kesho yake kaburini tuliimba ubeti ule ule mmoja mara mbili. Waombolezaji hawakugundua. Sisi tuligundua. Kosa lilikuwa letu, wala hatumlaumu mtu mwingine yeyote.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: kwaya ikifa, inakufa vipi? Na ikiishi, ni kitu gani hasa kinachoishi? Katika kusoma hapa na pale ndipo tulipokutana na habari za Cluny.

Cluny ni mji mdogo mashariki mwa Ufaransa, katika eneo la Burgundy, kaskazini mwa jiji la Lyon. Mwaka 910, mtawala mkubwa aitwaye Guillaume wa Aquitaine alitoa ardhi yake ya Cluny ili ijengwe monasteri, yaani nyumba ya watawa wanaoishi pamoja kwa sala na kazi. Aliyeombwa kuisimamia ni mtawa Berno. Inasimuliwa kwamba Berno alipoichagua Cluny, Guillaume alisita, maana hapo ndipo alipowafuga mbwa wake wa kuwindia. Berno akamshauri awaondoe mbwa awaweke watawa, kwani Mungu angemlipa zaidi kwa sala za watawa kuliko kwa kubweka kwa mbwa. Kama ilitokea hivyo au la, hati ya utoaji ndiyo iliyokuwa na uzito. Guillaume aliikabidhi ardhi kwa Mitume Petro na Paulo, chini ya ulinzi wa Papa, na hakujibakizia chochote. Aliandika kwamba yeye, jamaa zake, wala mtawala mwingine yeyote hawatakuwa na mamlaka juu ya nyumba hiyo, na kwamba watawa watajichagulia abati wao wenyewe. Siku zile wenye nguvu waliyafanya makanisa kuwa mashamba yao, kwa hiyo hilo lilikuwa jambo kubwa.

Wamonaki wa Cluny walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa hadi leo na Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania. Kanuni hiyo inaagiza watawa wakusanyike kusali mara saba mchana na mara moja usiku, na Zaburi zote 150 zimalizike kila juma. Cluny waliona hiyo haitoshi. Waliongeza Zaburi za kuwaombea wafadhili, Zaburi za kuwaombea marehemu, litania, maandamano na masomo marefu, hata ikawa sehemu kubwa ya siku ya mmonaki inapita kanisani akiimba. Kazi za mashamba zilifanywa zaidi na watu wengine. Ukiuliza wamonaki wa Cluny walikuwa na kazi gani, jibu la kweli ni kwamba walikuwa kwaya.

Na kweli uimbaji ulikuwa katika damu ya nyumba hiyo. Abati wa pili, Mtakatifu Odo, kabla ya kuingia utawani alikuwa kiongozi wa waimbaji katika kanisa la Mtakatifu Martino mjini Tours, na alitunga nyimbo kwa heshima ya mtakatifu huyo. Ndani ya nyumba kulikuwa na saa nyingi za kimya, watu wasiongee ovyo, na wamonaki wakabuni lugha ya ishara za mikono. Aliyetaka mkate alifanya duara kwa vidole gumba na vidole vinavyofuata, kwa sababu mkate ulikuwa wa mviringo. Aliyetaka samaki aliutikisa mkono kama mkia wa samaki majini. Tunaona hapo funzo kwa wale wenzetu wa sauti ya tatu wanaopiga gumzo wakati sauti ya kwanza inafundishwa!

Kulikuwa na mtu mmoja aliyesimamia uimbaji wote. Alianzisha nyimbo, alipanga nani asome na nani aimbe, na alirekebisha makosa. Mtu huyo huyo ndiye aliyetunza vitabu vyote vya nyumba. Kiongozi wa kwaya na mtunza maktaba walikuwa mtu mmoja, kwa sababu Cluny hawakuona kwamba ni kazi mbili tofauti. Orodha ya vitabu iliyoandikwa katika karne ya 12 ilikuwa na vitabu karibu 570, na hivyo ni vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, mstari kwa mstari, juu ya ngozi.

Cluny vilevile ndio waliotupa siku tunayoiadhimisha kila mwaka hapa parokiani. Karibu na mwaka 1000, abati wa tano, Mtakatifu Odilo, aliagiza nyumba zake zote ziwakumbuke waumini marehemu wote tarehe 2 Novemba, siku moja baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi hiyo ilienea polepole hadi Kanisa lote la magharibi likaipokea. Kwa hiyo, tunapokwenda makaburini kila Novemba, tunafuata agizo lililotoka Cluny.

Wamonaki waliandika majina ya marehemu wao vitabuni, na kila jina lilisomwa siku yake ilipofika. Chakula cha marehemu kiliendelea kupakuliwa na kupewa maskini kwa niaba yake. Ilifika mahali marehemu wakawa wengi kuliko walio hai, na walio hai wakaanza kuhofia kukosa mkate. Abati Petro, aliyeitwa Mheshimiwa, aliyeongoza kuanzia mwaka 1122 hadi 1156, alilazimika kuweka kikomo: wasizidi marehemu 50 kwa siku. Tunaweza kucheka, lakini tujiulize kwanza. Sisi tuna majina mangapi ya wanakwaya wetu marehemu yaliyoandikwa mahali? Tulipoanza kuandaa kijitabu hiki hatukuwa na hata moja.

Sasa tuje kwenye jengo. Abati wa sita, Mtakatifu Hugo, aliongoza kwa miaka 60, tangu 1049 hadi 1109. Chini yake nyumba zilizofuata taratibu za Cluny zilifikia mamia, kutoka Uingereza hadi Hispania na Italia. Kanisa la zamani likawa dogo, na mwaka 1088 akaanza kujenga jipya. Tarehe 25 Oktoba 1095, altare yake kuu iliwekwa wakfu na Papa Urbano II, ambaye zamani alikuwa mmonaki wa Cluny hiyo hiyo. Kanisa lilipokamilika lilikuwa na urefu wa mita 187 hivi. Chukua viwanja viwili vya mpira, vipange kichwa kwa kichwa, punguza kidogo. Huo ndio urefu wake. Kimo cha dari yake kilikuwa karibu mita 30. Halikuwepo kanisa kubwa kuliko hilo katika Ukristo wa magharibi hadi lilipojengwa upya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kule Roma, zaidi ya miaka 400 baadaye.

Fedha zilitoka wapi? Hapa tunamwomba mweka hazina wetu asikilize. Sehemu kubwa ilitoka kwa mfadhili mmoja, Mfalme Alfonso VI wa León na Castile huko Hispania, aliyeahidi kutoa vipande 2,000 vya dhahabu kila mwaka. Naye dhahabu hiyo aliipata kwa kuwatoza kodi watawala wa Kiislamu waliokuwa kusini mwake. Hali ya Hispania ilipobadilika, dhahabu ilikauka. Jengo lilikuwa kubwa tayari, walaji walikuwa wengi, na nyumba ikaingia kwenye madeni. Mwaka 1125 sehemu ya dari ilianguka ikabidi ijengwe tena. Abati Petro alihangaika miaka mingi kurekebisha mambo, akisaidiwa na mwanafunzi wa zamani wa Cluny, Henry wa Blois, aliyekuwa askofu wa Winchester, Uingereza. Sisi tuliozoea harambee tunajua tofauti kati ya shilingi mia mia za watu wengi na ahadi ya mheshimiwa mmoja.

Walikuwepo pia waliolalamika mapema. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa shirika la Wasistersia, aliandika akiwakemea waliojenga makanisa marefu kupita kiasi na kuyapamba, huku maskini wakikosa mahitaji yao. Tusiwahukumu Cluny haraka, maana nao waliwalisha maskini wengi. Tunasema tu kwamba swali la jengo na gharama zake ni la zamani, na waliogombana juu yake walikuwa watakatifu.

Baadaye mambo yalikwenda chini taratibu. Uongozi wa Cluny ukawa cheo cha kugawiwa wakubwa wasioishi humo: hata Kardinali Richelieu na Kardinali Mazarin, mawaziri wakuu wa wafalme wa Ufaransa, walishika cheo cha abati wa Cluny. Ile hati ya Guillaume iliyokataza wenye nguvu kuimiliki nyumba ilikuwepo, ila maana yake ilikuwa imesahauliwa. Mwaka 1562, wakati wa vita vya dini, monasteri iliporwa na vitabu vingi vikapotea.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 2 Novemba 1789, Bunge la Taifa liliamua kwamba mali ya Kanisa iwe mikononi mwa taifa. Tazameni tarehe hiyo: ni ile ile siku ya marehemu wote, aliyoianzisha Odilo. Februari 1790 nadhiri za kitawa zikafutwa, na wamonaki wachache waliobaki wakatawanyika. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa kwa wafanyabiashara. Hao hawakutaka kanisa, walitaka mawe. Walipitisha barabara katikati ya kanisa lenyewe, wakaanza kubomoa na kuuza. Mawe yalisombwa na mikokoteni kwenda kujengea nyumba za watu. Mengine yalijenga mabanda ya farasi wa serikali, hapo hapo karibu na altare ilipokuwa. Baruti ilitumika kuangusha minara. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1823 hivi.

Leo kimebaki kipande kisichozidi sehemu moja ya kumi: mkono mmoja wa kanisa upande wa kusini na mnara wake wa pembe nane, na mnara mdogo wa saa kando yake. Hatujafika huko, tumeona picha tu. Mkono huo peke yake ukiusimamia chini unakulazimu uinue shingo. Katika majengo ya karne ya 18 waliyoishi wamonaki wa mwisho sasa kuna chuo cha uhandisi, na vijana wanasoma mahesabu ya mitambo mahali palipokuwa pa kimya. Nje yake, watu wa mji wanatembea barabarani palipokuwa kanisa, mkate mkononi, na wengi hawajui wanakanyaga nini.

Ndugu wapendwa, hapo hadithi ingeweza kuishia, ikawa ni hadithi ya kusikitisha tu. Lakini tunajuaje haya yote? Tunajuaje ishara ya mkate, mpangilio wa Zaburi, kazi ya kiongozi wa waimbaji? Majibu yako mawili.

La kwanza: mtu aliomba na mwingine akaandika. Katika miaka ya 1080, Abati Wilhelm wa Hirsau, Ujerumani, alitaka nyumba yake iishi na kuimba kama Cluny. Alimwomba rafiki yake Ulrich, mmonaki wa Cluny, amwandikie desturi za nyumba hiyo. Ulrich akaandika: nani anaanza, nani anaitikia, watoto wanafundishwaje kuimba, mgonjwa anaimbiwa nini anapokata roho. Bila shaka wamonaki wenzake waliona ni mambo madogo yanayojulikana na kila mtu. Yanajulikana na kila mtu, mpaka siku ambayo hakuna anayeyajua. Cluny imebomolewa, lakini maandishi ya Ulrich yapo.

La pili linatugusa zaidi sisi waimbaji. Kulizunguka altare lile kuu kulikuwa na nguzo, na vichwa vya nguzo hizo vilichongwa picha. Kanisa lilipobomolewa, vichwa kadhaa vilinusurika. Viwili kati yake vimechongwa tuni nane za nyimbo za Kanisa, yaani zile ngazi nane ambazo nyimbo zote za Kilatini zilipangwa ndani yake. Kila tuni ina mtu wake. Ya kwanza ni kijana anayepiga chombo cha nyuzi. Ya pili ni mwanamke anayecheza akiwa na matoazi madogo. Ya tatu ni mtu mwenye kinubi, na maandishi yake yanataja ufufuko wa Kristo. Ya nne ni mtu aliyebeba kengele mabegani kwa mti, na maandishi yake yanataja maombolezo. Nne za mwisho zimeharibika zaidi. Mawe hayo yamehifadhiwa katika jengo moja la zamani la monasteri, chini ya paa la mbao la karne ya 13. Jengo hilo lilikuwa ghala la unga. Kanisa la mita 187 limeondoka, na tuni nane zimebaki ghalani. Mtu mmoja, wakati wa kujenga, aliona kwamba muziki nao ni kitu cha kuandikwa mahali panapodumu.

Tuongeze mfano mmoja. Mwaka 1121 Mfalme Henry I wa Uingereza alianzisha abasia huko Reading kwa kuwaita wamonaki kutoka Cluny. Abasia hiyo nayo ilifungwa mwaka 1539, abati wake akanyongwa, mawe yakachukuliwa, na leo ni kuta chache katika bustani ya mji. Lakini kipo kitabu kimoja cha karne ya 13 kinachohusishwa na nyumba hiyo, na ndani yake mna wimbo wa kuyakaribisha majira ya joto, wa sauti sita, wenye noti zake kamili. Waimbaji wanafuatana, mmoja baada ya mwingine, kama tunavyowafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Ukipewa nakala yake Jumamosi, Jumapili unaweza kuuimba, miaka zaidi ya 700 baadaye. Mwalimu wetu wa kwanza amefariki juzi juzi tu, na ubeti wake wa pili hatunao.

Na hizi noti za do, re, mi tunazofundishana kila Jumamosi zina ukoo wake katika zama hizo hizo. Mmonaki Mbenedikto, Guido wa Arezzo, ambaye hakuwa wa Cluny bali wa Italia, alichoka kuwaona waimbaji wakikariri maisha yao yote. Katika karne ya 11 alipanga noti juu ya mistari, na akazipa majina kwa silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji. Aliandika kwamba kazi iliyochukua miaka 10 sasa mtu angeiweza kwa mwaka mmoja au miwili. Kabla yake, wimbo uliishi katika koo la mwalimu, na mwalimu akifa, wimbo ulikuwa hatarini.

Hata lile kanisa lililobomolewa limerudi kwa namna yake. Kuanzia mwaka 1928, Kenneth John Conant, mtaalamu wa majengo kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichimba mashimo mjini Cluny, akaitafuta misingi chini ya barabara na bustani, akapima na kuchora mpaka kanisa lote likaonekana tena kwenye karatasi. Aliifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Lakini hebu tufikirie: ilichukua miaka ya kuchimba kurudisha umbo la mawe. Sauti haziwezi kuchimbwa. Wimbo usioandikwa hauachi msingi ardhini.

Sasa turudi nyumbani. Wote mnajua kwamba mwezi ujao wanakwaya tutakutana kuamua matumizi ya fedha za harambee ya Jubilei. Wengi wetu tunataka chumba cha mawe cha mazoezi, chenye mlango wa kufuli na mahali pa kuweka kinanda. Ni haja ya kweli. Tumefanya mazoezi chini ya mwembe kwa miaka mingi, tukikimbizwa na mvua. Hatusimami hapa kuwapinga wenzetu hao, na baadhi yetu tulikuwa wa kwanza kukidai chumba hicho.

Tunachoomba ni utaratibu. Kabla ya jiwe la kwanza, sehemu ya fedha hizo itengwe kwa ajili ya nyimbo zetu. Tuwakalishe wazazi wetu waanzilishi, mmoja mmoja, waimbe wanachokumbuka, tukirekodi. Tuandike maneno na noti za sauti zote nne. Tuchapishe nakala, moja ikae parokiani, moja kila kigango, na moja kwa mwanakwaya atakayeitunza nyumbani kwake, mbali na stoo yenye paa bovu. Tuwalipie vijana wawili au watatu wajifunze noti vizuri ili nao wafundishe. Kinachobaki kikajenge. Chumba kikichelewa mwaka mmoja, tutaendelea kuimba chini ya mwembe. Wazazi wetu waanzilishi wakichelewa kuulizwa mwaka mmoja, huenda tusiwakute wote.

Tumekwisha kuanza kidogo. Ule wimbo wa mama yetu tumeutafuta kwa muda wa miezi minane. Babu mmoja wa sauti ya nne, aliyehamia kwa mwanawe mbali na hapa, alituimbia besi kwa simu, akikatika katika, mpaka tukaiandika yote. Maneno ya ubeti wa pili tuliyapata kwa dada mmoja aliyeyaandika zamani nyuma ya kalenda. Kuna mstari mmoja bado hatuna. Tumeuacha wazi kwenye nakala, kwa sababu hatukutaka kumtungia mwalimu maneno yasiyo yake. Leo, baada ya Komunyo, mtausikia wimbo huo. Mkifika kwenye ubeti wa pili mtasikia sauti zikivuma bila maneno kwa mstari mmoja. Hatujasahau kuimba. Huo ndio mstari unaokosekana, na kama yupo hapa anayeujua, tunamsihi atuone kabla hajaondoka.

Vilevile, ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki una majina ya wanakwaya wetu marehemu, kadiri tulivyoweza kuyakusanya. Chini yake tumeacha nafasi. Kama jina la mpendwa wenu halimo, liandikeni kwa kalamu, mkaturudishie nakala. Tarehe 2 Novemba majina yote yatasomwa Misani. Hatutaweka kikomo cha 50.

Kila mwenye daftari la zamani, kaseti, picha, au kipande cha karatasi chenye wimbo wa kwaya hii, akilete Jumamosi yoyote saa nane mchana wakati wa mazoezi. Tutakinakili mbele yake na kumrudishia.



Katibu, kwa niaba ya kwaya